Samaki wa oveni na ganda la chizi linalolia krap, kuanzia sokoni Kisumu mpaka mezani

Wacha nianze na aibu yangu mwenyewe. Mara ya kwanza kupika hii kitu mama mkwe alikuwa ametutembelea kutoka Siaya, na mimi nikajiambia leo sitaki mambo ya kukaanga wala mchuzi, leo ni oveni. Nikanunua mbuta (sangara) mzuri, chizi robo kilo nzima, nikamwaga yote juu, nikafunika na foili nikangoja. Kufungua trei, jameni, samaki alikuwa anaogelea tena. Maji meupe nusu ya trei, na chizi imelala hapo juu laini kama sabuni iliyosahaulika kwa beseni. Mama akachukua kijiko, akaikwangua yote pole pole akaiweka kando ya sahani vile mtu anatoa magamba, akala samaki peke yake, halafu ndio akaniuliza, "Nyar Kakamega (binti wa Kakamega), hii samaki ilikuwa inasikia baridi ndio ukaifunika blanketi?"

Hakuna mtu alicheka. Hiyo ndio ilikuwa mbaya.

Tangu hapo nimeoka samaki hivi mara nyingi sana, nikaharibu kadhaa, na kitu nimejua ni moja: adui ni maji. Si chizi mbaya, si oveni ya bei rahisi, ni maji. Maji huchemka kwa nyuzi 100, na huku Kisumu kwa sababu tuko juu ya bahari mita 1,100 na kitu yanachemka hata kabla ya hapo, karibu 96. Sasa juu ya samaki pakiwa bado na maji, joto la hapo halipandi kupita kiwango hicho mpaka maji yaishe, na mkate na chizi zinataka kama 140 kwenda juu ndio zianze kugeuka rangi ya kahawia na kukauka. Kwa hivyo ukiona juu pamekaa peupe na laini jua hukuoka, ulichemsha. Karibu kila kitu nitakachosema hapa chini ni njia ya kutoa maji ama kuyazuia yasipande juu.

Na kabla hamjanirukia, najua kuna watu wanaamini chizi na samaki hazikai sahani moja. Waitaliano wengi wanasema hivyo hivyo, lakini Wafaransa wameoka samaki na sosi ya chizi miaka mingi na hawajafa. Mtaani kwangu ukisema unaweka chizi kwa samaki watu wanauliza hapo chizi ni nani, samaki ama wewe. Waache waulize, watakuja wakisikia harufu.

Samaki mwenyewe

Mimi natumia mbuta. Nyama yake ni nyeupe, nene, haivunjikivunjiki, na haina miba midogo midogo ya kukutisha ukiwa na watoto mezani. Wazee hapa wanakumbuka mbuta akiwa mgeni, aliletwa Ziwa Victoria miaka ya 1950 na 60, na kufika miaka ya 80 akawa amejaa kila mahali, viwanda vikaanza kutoa minofu ya kupeleka nje na sisi tukabaki na mgongo wazi, yaani mifupa na kichwa. Leo ukienda ufuo wa Dunga hapa Kisumu asubuhi boti zikiingia, ama soko la Kibuye, unaweza kukatiwa kipande unachotaka. Mwambie mama samaki akukatie mnofu wa mgongoni, akutolee ngozi, unene wa vidole viwili hivi. Usichukue wa tumboni kwa hii kazi. Tumbo la mbuta mkubwa lina mafuta mengi, ni tamu sana ukikaanga, lakini kwa oveni yale mafuta yanatoka yanaloanisha ganda kwa chini, na hutajua mbona.

Kama ni ngege (tilapia) uko nayo sawa tu, mnofu wake ni mwembamba kwa hivyo dakika zinapungua, nitasema mbele. Ngege mzima na kichwa chake sikushauri, ganda halikai kwa ule mgongo wa mviringo, linateleza linaanguka kwa trei unabaki na samaki uchi.

Kuangalia kama ni fresh hiyo mnajua, macho yang'ae na yawe yametokeza, matamvua mekundu, ukibonyeza nyama inarudi. Mnofu peke yake hauna macho wala matamvua kwa hivyo nusa. Samaki mzuri ananukia ziwa, hanuki samaki. Na kama umekaa ndani ya maji ya barafu iliyoyeyuka tangu asubuhi, wacha hapo, umekunywa maji huo.

Wa friza ni sawa, lakini umtoe usiku umuweke chini kwa friji mpaka asubuhi, juu ya chujio na bakuli chini. Kesho utakuta maji kwa bakuli na utashangaa, hayo yote yangeishia kwa ganda lako. Usimweke kwa maji moto ati ayeyuke haraka.

Vitu utakavyohitaji, watu wanne

Mnofu wa mbuta gramu 800, ukatwe vipande vinne vinavyolingana. Kulingana ni muhimu kuliko urembo maana kipande chembamba kitakauka kikingoja kile kinene.

Slesi tatu za mkate wa jana ama juzi. Cheddar gramu 100. Kama uko na parmesan hata kijiko kikubwa kimoja ongeza, kama huna usihangaike. Siagi ama Blue Band vijiko vikubwa viwili. Mayonezi vijiko vikubwa vitatu, haradali ya chupa kijiko cha chai kimoja, kitunguu saumu punje mbili, dhania mkono mmoja, pilipili manga nusu kijiko cha chai, paprika nusu, chumvi, na ndimu moja.

Royco hapana. Najua mkono unaenda wenyewe, lakini chizi iko na chumvi, mayonezi iko na chumvi, samaki utamtia chumvi, ukiongeza na hiyo utakunywa maji usiku kucha.

Kukausha samaki

Hii ndio sehemu watu wanaruka na ndio kazi yenyewe. Panguza vipande vyote na zile karatasi za jikoni ama kitambaa safi, juu, chini, kando. Nyunyiza chumvi kidogo, kama robo tatu ya kijiko cha chai kwa gramu zote 800, kisha weka kwa sahani na uende ufanye kitu kingine dakika 15. Ukirudi utakuta matone ya maji yamesimama juu ya samaki kama jasho kwa paji la uso. Chumvi ndio imeyavuta. Sasa panguza tena, na hapa usiwe mpole, bonyeza. Kipande kikiwa tayari ukipitisha kidole juu kinashikashika kidogo badala ya kuteleza. Hapo sawa.

Ndimu bado. Nasema bado! Kila mtu hapa kwetu samaki akifika nyumbani ananawishwa na ndimu, na mimi nililelewa hivyo, lakini ndimu kabla ya oveni inaanza kuivisha nyama ya juu na inaleta maji mengine. Kamua mezani. Kama unataka harufu yake ndani ya ganda, kwaruza ngozi ya ndimu, ile ya juu yenye rangi peke yake, uchanganye na mkate.

Mkate

Mkate fresh hauna faida hapa, una unyevu. Slesi za jana zivunjevunje kwa mkono ama uzungushe kwa blenda mara mbili tatu, usisage mpaka ziwe unga, tunataka chenga za ukubwa tofauti tofauti, zile kubwa ndio zinalia ukitafuna. Sasa, watu wengi wanaziweka mbichi wakitumaini oveni itazikausha. Mimi nazipitisha kwa pani kwanza. Yeyusha siagi kwa moto mdogo, mwaga chenga, koroga bila kuondoka, dakika nne tano, mpaka zipate rangi ya njugu iliyokaangwa kidogo na uzisikie zinachakacha zikigusana na mwiko. Usizidishe, maana zitaenda tena kwa oveni na mkate wetu huu uko na sukari, unageuka rangi haraka sana. Kutoka dhahabu mpaka mkaa ni wakati wa kujibu simu moja.

Mwaga kwa sahani pana zipoe. Ukiziacha kwa pani zinaendelea kuiva, na ukizirundika kwa bakuli zikiwa moto zinatoa mvuke zinajiloanisha zenyewe, na hiyo ni uchungu kweli baada ya kazi yote hiyo.

Chizi

Cheddar iliyokomaa ndio bora, ile ngumu kidogo yenye ukali, kwa sababu imepoteza maji mengi ikikaa. Gauda pia inafanya kazi. Siku hizi hatuhangaiki, ziko za hapa hapa Kenya, hata upande wa Eldoret wanatengeneza, supa kubwa huwa nazo. Mozzarella peke yake usitumie, hiyo ni ya piza, ni maji matupu na inavutika kama chingamu. Zile slesi za plastiki za watoto pia hapana, zimeundwa ziyeyuke laini, hazikauki hata ufanyeje.

Ikwaruze na ile greta ya karoti, upande wa matundu madogo. Na hapa niwape kitu nilijifunza kwa bahati mbaya: siku moja nilikwaruza chizi saa nne asubuhi halafu stima ikapotea, nikaiacha kwa friji imetandazwa kwa sahani bila kufunika mpaka jioni. Ilikuwa imekauka imejikunja kidogo. Ganda la siku hiyo ndilo la kwanza mume wangu alisikia kutoka sebuleni. Sasa nafanya makusudi, hata saa mbili tatu zinatosha.

Changanya chizi na chenga zikiwa zimepoa kabisa. Ongeza pilipili manga, paprika, ngozi ya ndimu, na dhania uliyokatakata, lakini dhania ukishaiosha ikung'ute na uifunge kwa kitambaa ikauke kwanza, ile imejaa maji kwa majani. Chenga ziwe nyingi kuliko chizi ukiangalia kwa macho. Najua roho inataka chizi mingi. Chizi ikizidi inatoa mafuta, mafuta yanakaa juu, na umerudi kwa blanketi ya mama mkwe.

Gundi

Mayonezi, haradali, na kitunguu saumu kilichopondwa. Changanya, basi. Kazi yake ni mbili, inashika ganda lisianguke, na yale mafuta yake yanakaa katikati ya samaki na mkate kama koti ya mvua ili maji yasipande haraka. Kitunguu saumu nakiweka humu na si kwa chenga kwa sababu kule juu kinaungua kinakuwa kichungu.

Kama hutaki mayonezi tumia siagi laini na haradali. Yai linashika pia ila ladha si hiyo hiyo.

Oveni

Washa mapema, dakika 20 kabla, nyuzi 220, na kama iko na feni weka 200. Weka trei tupu ndani ipate moto pia. Zile namba za kwenye kifundo usiziamini sana, oveni yangu ikisema 200 ni kama 180, niliinunulia kipimajoto cha kuning'iniza ndani ndio nikajua mbona keki zangu zilikuwa zinakaa hivyo miaka yote.

Oveni nyingi za gesi moto wake uko chini tu. Kwa hiyo samaki anaiva na juu panabaki peupe. Dawa ni trei iwe juu, ile nafasi ya pili kutoka juu, na kama kuna grili washa dakika mbili za mwisho. Ndio maana pia nikasema chenga zikaangwe kwanza, hata oveni ikikuangusha rangi iko tayari.

Na foili iko wapi? Haiko. Foili ni ya kushika mvuke, na sisi mvuke hatuutaki.

Kupanga na kuoka

Usipange mapema ukiweka kwa friji ungoje wageni. Ganda likikaa juu ya samaki nusu saa limeshaanza kunywa. Vitu vyote viwe tayari mbali mbali na upange wageni wakishanawa mikono.

Paka gundi juu ya kila kipande peke yake, si kando si chini, safu nyembamba tu. Halafu chukua mchanganyiko wa chenga kwa mkono, weka rundo juu, bonyeza na kiganja mpaka lishike, kimo cha kama nusu sentimita. Zilizoanguka kando ziondoe, zitaungua. Toa trei moto kwa uangalifu, paka mafuta kidogo, weka samaki, utasikia tsss kwa chini, hiyo sauti ni nzuri, maji ya chini yanaanza kutoka saa hiyo hiyo badala ya kukusanyika. Ukiwa na waya wa kuwekea juu ya trei ni bora zaidi, hewa inapita chini. Acha nafasi ya vidole viwili kati ya kipande na kipande. Nimeona watu wakisonga vipande sita kwa trei ya vinne, vinapumuliana mvuke.

Mbuta wa vidole viwili unachukua dakika 12 mpaka 15. Mnofu wa ngege dakika 8 mpaka 10. Usifungue mlango kila dakika. Kuangalia kama ameiva ingiza uma kando, pale ganda limeishia, uzungushe kidogo: nyama iachane kwa tabaka na iwe nyeupe yote, isiwe na kile kioo kioo katikati. Kama uko na kipima joto cha nyama, 63 ndani imetosha. Watu wetu tunapenda samaki aive mpaka ajute, naelewa, lakini mbuta ukimpita dakika tano anakuwa kama pamba.

Samaki akiwa tayari na juu bado si kahawia, grili dakika moja mpaka mbili, na usimame hapo hapo. Usiende kuangalia ugali.

Ikitoka iache dakika tatu kwa trei bila kufunika. Chizi ikitoka kwa moto ni laini, inakauka ikipoa kidogo, kwa hivyo ukionja mara moja utadhani umefeli. Gonga na nyuma ya kijiko. Ikilia krap krap, ita watu.

Kama huna oveni

Jiko la makaa linaweza, na si kwa kubahatisha, mama zetu walioka keki hivyo. Sufuria nzito, mawe matatu madogo ndani, funika na upashe moto dakika 15. Weka samaki kwa sahani ya bati juu ya mawe. Kifuniko kiwe cha bati kisicho na plastiki, na juu yake makaa yaliyoshika vizuri, mengi kuliko ya chini. Hiyo ndio siri, moto wa juu. Kila dakika tano inua kifuniko sekunde moja umwage mvuke, na ukipanguze chini maana matone yanakusanyika hapo yakingoja kukudondokea. Dakika 18 mpaka 20 hivi. Fanyia nje ama mahali pana hewa, moshi wa makaa ndani ya nyumba iliyofungwa unaua.

Na stima ikipotea katikati, ambayo kwetu si ajabu, usifungue oveni. Ule moto uliobaki unaweza kumalizia samaki, mpe dakika kumi ndio uangalie na uma. Ganda ndilo litabaki laini. Mimi nilipasha pani isiyoshika kwa gesi, kavu, nikapindua kipande ganda likaangalia chini, dakika mbili bila kusukumasukuma, nikakigeuza na mwiko mpana. Kimoja kilivunjika, vitatu vikatoka na ganda limekauka kama krispi za viazi.

Mezani

Ugali, sukuma ama osuga (mnavu), na kachumbari kwa bakuli yake. Usimwage kachumbari juu ya samaki, nyanya ni maji. Ndimu ikatwe kila mtu akamue mwenyewe, kwa nyama ya kando si juu ya ganda, ingawa mume wangu hasikii na anakamua palepale juu halafu analalamika.

Ikibaki, usiweke kwa maikrowevu. Friji bila kufunika mpaka ipoe kabisa, ndio ufunike, na kesho oveni nyuzi 180 dakika nane mpaka kumi. Mama mkwe alirudi Aprili, nikampikia tena bila kumwambia ni ile ile, na asubuhi nikamkuta jikoni amesimama kwa friji anamenya ganda la kipande kilichobaki na vidole, anakula ganda peke yake, samaki amemuachia paka.